Nani Atamjibu Mwanafunzi? Mjadala wa Cedar-Riverside

Hoja iliyo mezani ni hii: mwanafunzi afundishwe kanuni za uandishi kwanza, ubunifu utakuja baadaye. Ni hoja kongwe. Kenya huzuka kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, Tanzania haijawahi kuisha, na Marekani imewagawa walimu kwa zaidi ya nusu karne. Naipeleka Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis ulio ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, kwa sababu pale hoja hii inaishi ndani ya nyumba za watu. Majengo sita ya Riverside Plaza, aliyoyachora msanifu Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973, yana nyumba zaidi ya 1,300. Wengi wa wakazi wa leo ni familia zilizotoka Somalia na Ethiopia, na si chache zilizopitia Dadaab, Kakuma, Eastleigh au Mombasa. Mtoto wa humo anazungumza Kisomali au Kioromo na mama yake, anasoma Kurani kwa Kiarabu katika dugsi, anafundishwa kwa Kiingereza shuleni, na pengine ana mzazi anayehesabu pesa kwa Kiswahili. Halafu anapewa karatasi tupu na kuambiwa aandike.

Sauti nne zitakazosikika hapa nimezitunga kutokana na misimamo inayoshindana katika suala hili. Simnukuu mtu yeyote. Mama alisoma shule ya msingi Hagadera, moja ya kambi za Dadaab, na mtihani wa KCPE akaufanyia humo humo. Mwalimu alifundisha Kiswahili na Kiingereza magharibi mwa Kenya kabla ya kuhamia Minnesota, ambako sasa anafundisha watoto wanaojifunza Kiingereza. Mzee ni Mbarawa; vita vilimtoa Barawa, akaishi Mombasa kabla ya kuvuka bahari. Mwanafunzi yuko darasa la kumi na moja, na Eastleigh aliiacha akiwa mtoto. Kiswahili wote wanne walikipata au walikinolea Kenya, na ndicho wanachojadiliana nacho.

MAMA: Naiunga mkono hoja, na sitaki niitwe mtu wa zamani kwa sababu hiyo. Hagadera tulikuwa wengi darasani na vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu wetu alitupa njia: utangulizi, mwili, hitimisho. Alitupa methali za kukariri na tamathali za kupambia. Siku ya mtihani nilipofungua karatasi ya insha, mkono ulijua pa kuanzia. Hapa mwanangu anarudi nyumbani na karatasi inayosema, andika chochote unachohisi. Chochote ndiyo nini? Kila mwaka anafanya mtihani wa ACCESS, unaompima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na asipofikia kiwango anabaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaojifunza lugha. Msahihishaji wa mtihani ule hamjui mwanangu. Anaangalia sentensi. Mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye Kiingereza cha vitabuni anaweza kuachwa acheze, maana kanuni amezipata sebuleni. Wangu akiachwa acheze, azipate wapi?

Niingilie kidogo. Msimamo wa Mama una wenyewe katika elimu ya Marekani. Mwaka 1988 Lisa Delpit, mwalimu na mtafiti Mmarekani mweusi, aliandika katika jarida la Harvard Educational Review makala iliyowasumbua walimu wengi wenye nia njema. Alieleza kwamba walio na nguvu katika jamii mara nyingi hawazioni kanuni zao wenyewe, na kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya mduara wao anapaswa kuambiwa kanuni hizo waziwazi badala ya kuachwa azibahatishe. Watetezi wa ubunifu hulipita jambo hili haraka mno. Mama halipiti, naye ana haki.

MWALIMU: Nakusikia, Mama, na insha unazozisema nimezisahihisha kwa marundo. Katika rundo zima jua lilichomoza kwa madaha aya ya kwanza, ndege wakaimba, na mwisho ikawekwa methali. Watoto walijua kunakshi mlango wa nyumba isiyo na chumba hata kimoja. Na utafiti unanibana. George Hillocks alizikusanya tafiti za uandishi mwaka 1986. Steve Graham na Dolores Perin wakafanya hivyo tena mwaka 2007 kwa wanafunzi wa darasa la nne hadi la kumi na mbili. Wote walikuta kwamba sarufi ikifundishwa peke yake, mbali na maandishi ya mtoto mwenyewe, haimfanyi aandike vizuri zaidi. Kilichosaidia ni kumfundisha hatua za kupanga, kuandika rasimu na kuirekebisha, kumfundisha kufupisha, kumfanya aandike pamoja na wenzake, na kumzoesha kuunganisha sentensi. Hizo nazo ni kanuni, Mama. Nabishana nawe juu ya mahali pa kuzifundishia tu.

MAMA: Nionyeshe moja niione.

MWALIMU: Kuunganisha sentensi, basi. Nampa mtoto sentensi tatu. Theluji imeanguka usiku kucha. Baba ni dereva wa teksi. Baba hajarudi. Namwambia azifanye moja. Wa kwanza anaandika: "Baba, ambaye ni dereva wa teksi, hajarudi, na theluji imeanguka usiku kucha." Wa pili anaandika: "Theluji imeanguka usiku kucha, na baba, dereva wa teksi, hajarudi." Zote sahihi. Nawauliza, ni ipi inayokutia wasiwasi? Darasa zima linanyoosha kidole kwenye ya pili. Mbona? Kwa sababu imekuacha ukimngoja baba. Hapo wamejifunza mkato, kishazi na mpangilio wa habari katika dakika kumi, na hakuna aliyesinzia.

MAMA: Hiyo naikubali. Hiyo ina kazi ndani yake.

MZEE: Mwaniruhusu? Nyinyi mwasema kanuni upande huu, ubunifu upande ule. Sisi Barawa hatukuvigawa hivyo. Dada Masiti, bibi aliyefariki mwaka 1919 akiwa mzee sana, alitunga tenzi za dini kwa Chimwini, lugha yetu iliyo ndugu wa Kiswahili, na watu wakazihifadhi kifuani. Mizani na vina havikumzuia kusema, ndivyo alivyosemea. Na Wasomali jirani zetu wana jambo gumu kuliko letu. Mshairi wa gabay akishika herufi, kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa herufi hiyo, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1979 Gaarriye alitunga shairi kwa herufi D, akiusema ukabila na jinsi nchi inavyotawaliwa. Hadraawi akamjibu kwa herufi hiyo hiyo. Akajibu mwingine, na mwingine, hata ukawa mnyororo mrefu wa washairi, wakauita Deelley. Watu wakausambaza kwa kaseti. Hebu niambieni, pale kanuni iko wapi na ubunifu uko wapi?

MWANAFUNZI: Awoowe, hapo umenigusa. Lakini wao walijibiwa.

MZEE: Walijibiwa, ndiyo. Shairi la mnyororo likikosa wa kulijibu, limekufa.

MWANAFUNZI: Basi hilo ndilo langu. Tangu darasa la sita naombwa kuandika nilivyofika Marekani. Kila mwalimu mpya, kila Septemba. Eleza safari yako. Mimi nilikuja kwa ndege nikiwa mdogo, nililala njia nzima. Lakini nilishajua wanachokitaka, nikawapa: kambi, vumbi, maji ya kupanga foleni, vitu ambavyo vingine alivipitia binamu yangu, mimi sikuvipitia. Wakasoma, wakaguswa, wakaandika A juu. Walahi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali. Sasa niko darasa la kumi na moja, na insha ya kuombea chuo kikuu, ile ya Common App isiyozidi maneno 650, kila mtu ananiambia niandike hayo hayo tena, eti ndiyo yanayofungua mlango. Mimi nataka kuandika juu ya Dhegdheer.

MAMA: Dhegdheer yule zimwi?

MWANAFUNZI: Huyo huyo, habaryar, mwenye sikio refu linalosikia watoto wakiwa mbali. Nimemweka ghorofa ya juu kabisa hapa kwetu. Anasikia kila nyumba kupitia ukutani: nani anagombana, nani hajalipa kodi, nani analia kimya kimya. Ila sijamwandika mahali popote. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo nayo ni insha.

Kwa upande wangu, hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu. Njia nyingi za kumsisimua mwanafunzi aandike, hasa mwanafunzi mhamiaji, zimesimama juu ya ombi moja: tupe maumivu yako. Ombi hutolewa kwa upole, na mara nyingi kwa mapenzi ya kweli. Lakini mtoto huiona bei. Akishajua kwamba kambi ya wakimbizi ina alama na zimwi la ghorofani halina, ataandika kambi hata pale ambapo kambi haikuwa yake. Tunamfundisha kuuza.

MWALIMU: Naomba niitetee simulizi ya maisha, maana nimeiona ikimwinua mtoto. Mwaka 2016 shirika la Green Card Voices la hapa Minneapolis lilitoa kitabu cha simulizi za wanafunzi 30 wa shule ya sekondari ya Wellstone International. Hawakuanza na karatasi. Walianza kwa kuzungumza mbele ya kamera, maneno yao yakanakiliwa, kisha yakahaririwa yakawa insha. Kwa mtoto ambaye mdomo wake uko mbele ya kalamu yake, hiyo ni njia ya haki. Mimi mwenyewe huwatuma nyumbani na simu, wamrekodi mtu mzima kwa dakika tano akieleza kazi anayoijua: kupika anjera, kuendesha lori usiku, kushona. Kesho yake wanayanakili maneno yale kama yalivyotoka. Ndipo swali linapoibuka lenyewe: Mwalimu, hapa alinyamaza kidogo, niweke nini? Weka mkato. Hapa alimaliza wazo? Weka nukta. Hapa alirukia jambo jingine? Anza aya. Uakifishaji wanausikia kabla hawajauandika.

MWANAFUNZI: Wale 30 walichagua wenyewe kusimulia, Mwalimu. Mimi napinga kuchaguliwa.

MAMA: Na mimi niseme lisilosemwa. Nyinyi walimu hamjui mnachokigusa mnapomwambia mtoto aandike safari ya familia. Safari yetu imo kwenye faili. Tuliieleza kwa watu wa UNHCR, tukaieleza tena kwa maofisa wa uhamiaji, tarehe kwa tarehe, jina kwa jina. Mtoto akiandika kitu tofauti na kilicho pale, hata kama ni mchezo wa darasani, hata kama ni kwa sababu alikuwa mdogo na hakumbuki, mama hapati usingizi. Yapo pia ya ndani, ya ndoa na ya waliokufa, ambayo sijamwambia mwanangu, na sitaki ayasikie kwa mara ya kwanza akiyatafuta kwa ajili ya alama.

MWALIMU: Hilo halikuwahi kunijia, Mama.

MAMA: Halijii kwa sababu hatulisemi. Nimelisema.

Neno hilo la Mama linapaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya walimu wa watoto wahamiaji. Zoezi zuri la uandishi humwachia mtoto nafasi ya kuficha. Hadithi ya kubuni humwachia. Ngano humwachia. Barua kwa mtu asiyekuwepo humwachia. Kitu kilicholetwa kutoka nyumbani, tuseme dabqaad ya kufukizia ubani, kielezwe kwa harufu, uzito na joto lake bila kutajwa jina hadi mwenzako akitambue, nacho humwachia, na bado kinamfunza macho na pua. Mazoezi ya aina hii ni rahisi kuyapata. Minnesota ina hazina ambayo walimu wengi wa mbali wangeililia: mwaka 2007 na 2008 kituo cha masuala ya binadamu cha jimbo hilo kilishiriki kutoa ngano za Kisomali katika vitabu vya lugha mbili, Kisomali na Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Marian Hassan alisimulia Dhegdheer. Said Salah Ahmed, mshairi na mwandishi wa tamthilia, alisimulia Qayb Libaax, kisa cha simba na mgawo wake. Kathleen Moriarty alisimulia Wiil Waal.

MWALIMU: Wiil Waal ndiye anayenifanyia kazi kuliko wote. Sultani anawaambia wanaume wa nchi yake: nileteeni kiungo cha kondoo kinachoweza kuwagawa watu au kuwaunganisha. Matajiri wanaleta mbavu na nyama nono. Msichana wa mtu maskini anamshauri babaye apeleke umio, koo la kondoo, na sultani anastaajabu, kwa sababu koo ndimo uchoyo unamopitia na ndimo ukarimu unamopitia. Nikiisha kuwasomea, nafunga kitabu. Nawaambia, msichana huyu hana ruhusa ya kushinda bila kupingwa. Chagueni kiungo kingine, mkitetee kwa ukurasa mmoja. Darasa linachemka. Mmoja anatetea ulimi, mwingine ngozi kwa kuwa inafunika wote, mwingine damu. Mvulana aliyekuwa haandiki zaidi ya mistari mitatu alitetea kwato, akasema mgawanyiko unaanza pale mmoja anapoondoka na mwingine anapobaki.

MZEE: Mashallah. Huyo ana akili.

MWALIMU: Sasa sikia hatua ya pili, Mzee, maana wewe ndiye uliyenipa jina lake leo: mnyororo. Kesho yake karatasi inaenda kwa mwenzake. Mwenzake haruhusiwi kusema neno; lazima ajibu kwa maandishi. Na jibu lina sharti: sentensi ya kwanza iseme kwa haki alichokisema wa kwanza. Hapo ndipo kilio kinapoanza. "Mwalimu, simwelewi, anasema nini hasa?" Namwambia, mwandikie hivyo. Wa kwanza anapoipata karatasi yake na kusoma kwamba hakueleweka, anaitafuta mwenyewe sentensi kuu ya aya. Mwaka mzima nilikuwa naihubiri sentensi kuu ya aya, ikawa inaingia sikio hili na kutokea lile. Siku ile waliidai wao.

MAMA: Na makosa ya tahajia nani anasahihisha? Maana naona karatasi inazunguka darasa zima na makosa yake.

MWALIMU: Nasahihisha mimi, Mama, lakini jambo moja kwa wakati mmoja. Wiki hii nyakati za vitenzi tu, wiki ijayo mkato. Karatasi iliyojaa wino mwekundu mtoto haisomi, anaangalia alama na kuikunja.

MAMA: Basi ahadi iwe maandishini. Utuandikie wazazi ni kosa gani, wiki gani, ili nasi tuliangalie nyumbani. Vinginevyo "jambo moja kwa wakati" linakuwa hakuna jambo wakati wowote.

MWALIMU: Nimekubali.

MWANAFUNZI: Na kuna hili la mashine. Tangu ChatGPT itoke, Novemba 2022, wenzangu wengi insha ya aya tano hawaiandiki tena. Wanaiagiza. Inatoka na utangulizi, mwili na hitimisho, kila kitu mahali pake. Habaryar, ile njia uliyofundishwa Hagadera mashine inaijua kuliko sisi.

MAMA: Mimi niliitoa kichwani mwangu.

MWANAFUNZI: Najua. Ndiyo maana yako ilikufaa. Lakini kwenye mnyororo wa kondoo sioni mtu atakayeagiza. Ukiagiza, mwenzako atakujibu, na utatakiwa kutetea maneno usiyoyajua.

MZEE: Mimi nina ombi jingine: isomwe kwa sauti. Chuoni tuliandika ubaoni kwa wino wa mkaa, tukasoma kwa sauti mpaka ikakaa, ndipo tukauosha ubao. Sikio hukamata kosa ambalo jicho limelisamehe.

MWANAFUNZI: Wengine wetu tunaona haya, awoowe. Lafudhi.

MZEE: Lafudhi yako nani atakayekuchekea hapa? Mtaa mzima una lafudhi.

Mzee anasema kweli juu ya mtaa. Nimeshangazwa siku zote na jinsi wanafunzi wa mtaa huu wanavyotumwa kuandika kwa ajili ya msomaji wa kufikirika, ilhali wasomaji na wasikilizaji wamewazunguka. Kituo cha jamii cha Brian Coyle kiko mlangoni. Mixed Blood Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1976 ndani ya kituo cha zamani cha zimamoto, iko mtaani humo humo. Vivyo hivyo Cedar Cultural Center, jukwaa la muziki tangu 1989, ambalo kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Augsburg limewaleta wanamuziki wa Kisomali kupitia mradi wa Midnimo. Redio ya KFAI, yenye vipindi vya Kisomali, ni jirani. Ukitoka kidogo kuelekea katikati ya jiji unafika jengo la Open Book, ambamo Loft Literary Center imewapa waandishi makao tangu mwaka 2000. Na 826 MSP, iliyokua kutoka Mid-Continent Oceanographic Institute, huwaketisha watoto na watu wazima wa kujitolea wanaowasikiliza, kisha huyachapa maandishi yao yawe vitabu. Msomaji yupo. Amekosa kutumiwa karatasi tu.

Na mtaa huu umewahi kuandikiana kabla yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 Cedar Avenue ilikuwa njia ya Waswidi, Wanorwe na Wadenishi, waliokuja na lahaja zao na kuchekwa kwa lafudhi zao. Magazeti ya lugha zao yalichapwa jijini. Swan Turnblad, mhamiaji kutoka Uswidi, alilikuza gazeti la Svenska Amerikanska Posten hadi likampa uwezo wa kujenga jumba ambalo leo ni American Swedish Institute. Kwetu Afrika Mashariki, Mambo Leo ilipoanza Tanganyika mwaka 1923, wasomaji waliitia pumzi kwa barua na mashairi, mmoja akiuliza, mwingine akijibu kwa vina vile vile. Watu wengi walinoa kalamu zao katika kurasa hizo bila mwalimu kuwasimamia, kwa kuwa walijua toleo lijalo kuna mtu atawajibu, na huenda akawaumbua.

MZEE: Na Wasomali msiwasahau. Hati yao ya Kilatini ilitangazwa Oktoba 1972. Mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, wanafunzi wakapelekwa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika. Kijana wa mjini akalala na ngamia. Lakini alirudi akijua kueleza jambo, kwa sababu mzee wa nyikani asipoelewa hanyamazi kwa adabu kama mwalimu wa mtihani. Anakuuliza.

MWANAFUNZI: Ayeeyo, bibi yangu, anasoma Kisomali kwa hati hiyo. Kiingereza hasomi.

MZEE: Basi mwandikie yeye. Ukurasa mmoja.

MWANAFUNZI: Atajibu vipi? Kuandika kwenye simu kunamchosha.

MAMA: Atakutumia sauti ya WhatsApp, ya dakika nane, kama anavyotutumia sisi sote. Na wewe utaisikiliza hadi mwisho.

MWALIMU: Na ukiisikiliza, uijibu kwa maandishi. Halafu uitafsiri barua yako ya pili kwa Kiingereza, uniletee. Hiyo nitaipa alama zote mbili, ya ubunifu na ya kanuni, na Mama asikie.

MAMA: Nimesikia. Lakini mtihani wa ACCESS uko pale pale, na hoja yangu sijaiondoa. Nimeirekebisha. Kanuni zifundishwe, zifundishwe wazi, na zifundishwe ndani ya maandishi ambayo mtu anayangoja. Mkiacha hilo la "wazi", nitarudi.

Baada ya kuwasikiliza wote, mimi naipinga hoja kama ilivyoandikwa. Neno "kwanza" na neno "baadaye" ndiyo yaliyoiharibu. Mama ameshinda kwenye uwazi wa kanuni. Mwanafunzi ameshinda kwenye haki ya kuchagua cha kusema na cha kuficha, na ningependa kila mwalimu anayetoa zoezi la "safari yangu" aweke kando yake zoezi la ngano la hadhi ile ile, lenye alama zile zile, bila kumuuliza mtoto kwa nini amelichagua. Mwalimu na Mzee wamegundua jambo moja kutoka pande mbili: kijana hujitahidi kueleweka pale tu anapojua kuna mtu atamrudishia neno. Alama haimrudishii neno. Msifuni, mkosoeni, mbishieni, mwulizeni Dhegdheer anakula nini siku lifti inapojaa, lakini msimrudishie herufi moja ya kijani au nyekundu mkadhani mmemsoma.

Ombi langu ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Walimu, katika kila rundo la karatasi chagueni chache, mziandikie jibu la sentensi tatu, na jibu hilo liwe na swali ambalo mwanafunzi pekee ndiye anayeweza kulijibu. Wiki ijayo chagueni nyingine, hadi kila mtoto awe amejibiwa. Wazazi wa ghorofani, mtoto akirudi na karatasi, mwambieni awasomee hata kama Kiingereza chake hamkielewi chote, kisha mwandikieni sentensi mbili chini yake kwa lugha mnayoiweza. Na shule zizipokee sentensi hizo kwa Kisomali, kwa Kioromo, kwa Kiswahili, ziziache pale pale kwenye karatasi ya mtoto.